Mavazi ya mama anayenyonyesha msimu wa kipupwe: kinga ya kwanza ya mtoto dhidi ya baridi

Ifikapo mwezi Juni kila mwaka, hali ya hewa katika maeneo mengi ya Tanzania hubadilika. Msimu wa kipupwe, unaoanza Juni hadi Agosti, huja na upepo na baridi, na wakazi wa maeneo ya miinuko ndio wanaoonja makali yake zaidi. Katika mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya, na pia katika milima ya Lushoto mkoani Tanga na miteremko ya Kilimanjaro na Meru, joto la alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Katika uwanda wa Kitulo wilayani Makete, zipo asubuhi ambazo sakitu, yaani umande ulioganda, huonekana nyeupe juu ya majani.

Kwa watu wengi, dawa ya baridi ni nyepesi: kuvaa sweta, kufunga vifungo vya koti hadi shingoni na kutulia. Kwa mama anayenyonyesha, jambo hilo si rahisi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, mchana na usiku. Kila mara mama hulazimika kufungua nguo alizozifunga kwa ajili ya baridi. Iwapo mavazi yake hayakupangwa kwa kazi hiyo, kifua, tumbo na mgongo hubaki wazi, naye hutetemeka huku mtoto akinyonya.

Matokeo yake hujitokeza taratibu. Mama huanza kufupisha muda wa kunyonyesha, au huahirisha zamu ya usiku wa manane kwa kuogopa kutoka chini ya blanketi. Wapo wanaoshauriwa na ndugu kumpa mtoto maji ya uvuguvugu au uji mwepesi ili apate joto tumboni, hata kama hajafikisha miezi 6. Hivyo, suala linaloonekana kuwa la nguo tu hugeuka kuwa suala la lishe na uhai wa mtoto.

Kwa nini suala hili ni muhimu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao Tanzania pia inaufuata, unaelekeza mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo bila hata maji, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vya nyongeza hadi atimize miaka 2 au zaidi. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha kwa mtoto wa umri huo katika majira yote ya mwaka, na hutoka yakiwa na joto la mwili wa mama. Baridi ya nje haiyapozi maziwa yaliyomo kifuani, wala haiyafanyi yamletee mtoto kikohozi au kifua.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 64 ya watoto wenye umri chini ya miezi 6 nchini walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Utafiti huo ulionesha pia kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa na udumavu, na kwamba mikoa ya Iringa na Njombe, yenye baridi na yenye chakula kingi, ilikuwa miongoni mwa iliyo na viwango vya juu zaidi, ambapo nusu au zaidi ya watoto walikuwa wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na baridi peke yake haiwezi kubebeshwa lawama. Hata hivyo, katika mikoa hiyo kila zamu ya kunyonya inayopotea ni hasara ambayo mtoto hapaswi kuibeba.

Jinsi mtoto mchanga anavyopoteza joto

Joto la kawaida la mwili wa mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, mtoto huanza kutumia nguvu zake kujipasha joto badala ya kukua. Mtoto anayepoa sana hulegea, hunyonya kwa udhaifu au huacha kunyonya kabisa, na kwa kuwa hanyonyi hukosa nishati ya kumpa joto. Hali hiyo ni hatari zaidi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito chini ya kilo 2.5.

Joto la mtoto hupotea kwa njia nne. Hupotea kupitia unyevunyevu, kama vile nepi iliyolowa au nywele zisizokaushwa baada ya kuoga. Hupotea anapogusa kitu cha baridi, iwe godoro, mzani au mikono isiyopashwa joto. Hupotea kwa upepo unaopita mlangoni au dirishani. Hupotea pia anapolazwa karibu na ukuta au sakafu ya baridi hata kama havigusi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, hivyo kikiachwa wazi hupoteza joto jingi.

Kinyume chake, kifua cha mama ni chanzo cha joto kisicho na gharama. Mtoto anapolala ngozi kwa ngozi juu ya kifua cha mama, joto lake hutulia na hamu yake ya kunyonya huongezeka. Huo ndio msingi wa huduma ya mama kangaruu, iliyoanzishwa katika jiji la Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 na ambayo leo hutumika katika hospitali za Tanzania kuwahudumia watoto njiti. Mavazi mazuri ya mama anayenyonyesha katika baridi ni yale yanayomwezesha mtoto kukifikia kifua hicho bila mama mwenyewe kubaki wazi.

Tabaka tatu na uwazi mmoja mdogo

Kanuni ya kwanza ni kuvaa nguo kadhaa nyepesi zilizopangwa kwa tabaka badala ya nguo moja nzito. Hewa inayobaki kati ya nguo moja na nyingine huhifadhi joto, na mama anaweza kupunguza au kuongeza tabaka kadiri jua linavyopanda au kushuka.

Tabaka la ndani, linalogusa ngozi, liwe la pamba na lisibane. Fulana ya kamba nyembamba, au fulana kuukuu iliyokatwa matundu mawili usawa wa matiti na kupindwa kingo zake ili zisifumuke, hufaa sana. Fulana ya namna hiyo hubaki imefunika tumbo na mgongo wakati wote mtoto anaponyonya. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kuitengeneza kwa muda mfupi.

Tabaka la pili liwe blauzi au gauni linalofunguka mbele kwa vifungo au zipu, au nguo ya juu iliyo pana ambayo mama anaweza kuipandisha kidogo kutoka chini. Kwa utaratibu huu, nguo ya juu hupandishwa huku fulana ya ndani ikibaki mahali pake, na sehemu inayobaki wazi ni ile tu inayohitajika kinywani mwa mtoto. Gauni lisilo na ufunguzi kifuani halifai katika msimu huu, kwa kuwa humlazimu mama kulipandisha lote kutoka miguuni.

Tabaka la tatu ni sweta la vifungo, koti, shali au kitenge kizito. Sweta la kuvalia kichwani huleta usumbufu usiku. Linalofunguka mbele ni bora zaidi. Khanga au kitenge kikivishwa begani na kuzungushwa kwa mama na mtoto pamoja huzuia upepo na pia humpa mama stara anaponyonyesha mahali penye watu. Ni muhimu pua na uso wa mtoto visifunikwe kwa nguo, na mama aweze kumwona wakati wote anaponyonya.

Miguu ya mama nayo isisahaulike. Soksi nzito na ndala za ndani humwondolea adha ya kukanyaga sakafu ya saruji usiku wa manane. Mama ambaye mwili wake una joto hutulia, na utulivu huo husaidia maziwa kushuka. Baridi, maumivu na wasiwasi huweza kuchelewesha.

Mavazi haya hayahitaji fedha nyingi. Masweta na mashali ya mitumba hupatikana katika masoko mengi, ingawa ni lazima yafuliwe, yakaushwe juani na kupigwa pasi kabla ya kutumika karibu na mtoto.

Sidiria, vitambaa vya kifuani na maumivu ya chuchu

Wapo akina mama wanaovaa sidiria mbili au kujifunga kitambaa kwa nguvu kifuani ili wapate joto. Desturi hiyo ina madhara. Nguo inayobana matiti huzuia maziwa kutiririka vizuri, na maziwa yanapokwama ziwa huweza kuvimba, kuuma na hatimaye kupata uambukizo. Sidiria ifaayo ni ya pamba, inayoshikilia ziwa bila kuacha alama kwenye ngozi, na isiyo na waya mgumu chini yake.

Maziwa yanayovuja ni tatizo jingine la msimu wa baridi. Kitambaa kilicholowa maziwa hupoa haraka na kuupoza mwili wa mama. Vipande vya khanga kuukuu au taulo laini, vilivyokatwa duara na kushonwa tabaka mbili au tatu, hutosha kufyonza maziwa hayo. Mama awe na vipande vya kutosha kubadilisha kila vinapolowa, kwa kuwa katika siku za ukungu nguo huchukua muda mrefu kukauka.

Baadhi ya akina mama hupata maumivu makali ya chuchu mara tu mtoto anapoachia ziwa. Baridi husababisha mishipa midogo ya damu kwenye chuchu kubana, chuchu hupauka na kisha hubadilika rangi huku ikichoma. Mama mwenye hali hiyo afunike ziwa mara moja baada ya kunyonyesha, aweke kitambaa kikavu chenye joto la wastani juu yake, na aepuke kukaa na kifua wazi baada ya kuoga. Kwa kuwa maumivu ya chuchu huweza pia kutokana na mtoto kutoshika ziwa vizuri au uambukizo wa fangasi, maumivu yanayoendelea yachunguzwe katika kituo cha afya.

Mavazi ya mtoto: joto la kutosha bila kuzidisha

Kipimo rahisi ni kumvisha mtoto mchanga tabaka moja zaidi ya lile ambalo mtu mzima anahitaji katika chumba hicho hicho. Kofia, soksi na nguo kavu ya pamba ndani ya sweta humtosha mtoto mwenye afya njema, pamoja na shali au blanketi jepesi. Ili kujua kama ana joto la kutosha, mzazi aguse kifua au shingo yake kwa nyuma. Mikono na miguu ya mtoto huweza kuwa ya baridi kidogo hata akiwa salama.

Kumfunga mtoto nguo nyingi kupita kiasi nako kuna hatari. Mtoto anayetoka jasho hulowa, na akilowa hupoa. Aidha, mablanketi mazito huweza kumfunika uso akiwa usingizini. Wakati wa kunyonya, mzazi anaweza kulegeza blanketi la nje ili mwili wa mtoto uguse wa mama, kisha azungushe shali kwa wote wawili. Mtoto aliyefungwa kama furushi husinzia kabla ya kushiba.

Mtoto mchanga asiogeshwe kabla ya kutimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo aogeshwe mchana, kwa maji ya uvuguvugu, mahali pasipo na upepo, akaushwe haraka na kuvishwa kofia.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala

Katika usiku wa baridi kali, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga milango na madirisha ili mama anyonyeshe kwa starehe. Hatua hiyo imegharimu maisha ya watu. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kisichopitisha hewa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala huivuta bila kujua, na wanaopona huamka na maumivu makali ya kichwa, kizunguzungu na kutapika. Mkaa ulioacha kutoa moshi si salama. Huendelea kutoa hewa hiyo hadi utakapozimika kabisa.

Njia salama ni kuandaa mavazi na vifaa kabla ya kulala. Mama aweke karibu na kitanda sweta la vifungo, shali, nepi kavu, vitambaa vya kifuani na maji ya kunywa, ili asilazimike kuzunguka nyumbani usiku. Nguo na shali zipashwe joto kwa pasi mapema jioni, na pasi ya mkaa itumike nje ya nyumba. Chupa ya maji ya moto ikitumika kupasha kitanda, iondolewe kabla mtoto hajalazwa.

Kukamua maziwa kazini na shambani

Si kila mama hukaa nyumbani na mtoto msimu wote wa baridi. Wapo wanaochuma chai Mufindi na Njombe, wanaovuna viazi Makete, wanaofundisha shuleni na wanaouza sokoni tangu alfajiri. Kwao, kukamua maziwa ndiyo njia ya kumwezesha mtoto kuendelea kuyapata wakati mama hayupo.

Mavazi ya tabaka yaliyoelezwa hapo juu yanafaa pia kwa kukamua, iwe kwa mkono au kwa pampu. Mama atafute mahali pasipo na upepo, afungue upande mmoja tu wa nguo na kuacha upande wa pili umefunikwa. Aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, aweke kitambaa chenye joto juu ya ziwa kwa dakika chache na kulikanda taratibu kabla ya kuanza. Mikono ya baridi, au pampu ya plastiki iliyolala nje usiku, huweza kuzuia maziwa kushuka. Sehemu ya pampu inayogusa ziwa, ikiisha kusafishwa, inaweza kutumbukizwa kwenye maji safi ya moto kiasi, kisha ikakaushwa kabla ya kutumika.

Maziwa yaliyokamuliwa yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko. Yanaweza kukaa hadi saa 4 katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 katika jokofu. Baridi ya nje isichukuliwe kuwa mbadala wa jokofu. Dirisha lililokuwa na baridi alfajiri hupigwa na jua saa 5 asubuhi, na maziwa huharibika. Vivyo hivyo, maziwa yasiwekwe kwenye chupa ya chai ili yabaki na joto, kwa kuwa joto hilo hukuza vimelea. Chupa ya chai itumike kuhifadhi maji ya moto, na kikombe cha maziwa kiwekwe ndani ya bakuli la maji hayo yakiwa ya uvuguvugu wakati mtoto anapotaka kunyweshwa. Maziwa yasichemshwe. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi, na yanayobaki baada ya kunywa yasirudishwe kwenye akiba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 iwapo amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria hiyo inamtaka pia mwajiri kumruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Katika msimu wa kipupwe haki hiyo hupata maana kamili pale mwajiri anapotenga mahali palipozibwa upepo, penye kiti na maji ya kunawa. Banda lililo wazi kando ya shamba la chai halitoshi.

Nafasi ya baba na familia

Mzigo wa kumkinga mtoto na baridi hauwezi kuachwa kwa mama peke yake. Baba anaweza kuziba nyufa za dirisha zinazopitisha upepo karibu na kitanda huku akiacha nafasi ya hewa safi, kufua na kukausha nepi, na kumletea mama kinywaji cha moto anaponyonyesha usiku, kikiwekwa mbali na mtoto. Baba pia anaweza kumweka mtoto kifuani pake ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefunikwa shali, ili mama apumzike. Bibi na mashangazi, ambao ushauri wao husikilizwa, wana nafasi kubwa ya kumtia moyo mama aendelee kunyonyesha badala ya kumhimiza aanze kutoa uji mapema.

Dalili za kuwahi kituo cha afya

Mzazi amfikishe mtoto katika kituo cha afya bila kuchelewa iwapo mwili wake ni wa baridi na haupati joto hata akiwekwa kifuani kwa mama, ananyonya kwa udhaifu au amekataa ziwa, amelegea, anapumua kwa haraka au kwa shida, au ana homa. Awapo njiani, mtoto abebwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, akiwa na kofia na kufunikwa kwa shali huku uso ukiwa wazi, na aendelee kunyonyeshwa kama anaweza. Mama naye aonwe na mtaalamu iwapo ziwa limevimba, ni jekundu au la moto, au ana homa na kutetemeka. Katika hali nyingi huendelea kunyonyesha wakati akipata matibabu.

Wiki ya Unyonyeshaji Duniani huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, wakati ambapo nyanda za juu bado zimo ndani ya kipupwe. Kwa mama aliyejifungua katika miezi hii, maandalizi huanza mapema: fulana yenye ufunguzi, sweta la vifungo, shali pana, soksi na vitambaa vikavu vya kutosha. Vitu hivi humwezesha kuitikia kilio cha mtoto saa 9 usiku bila kuogopa baridi, na mtoto akapata kwa pamoja mahitaji yake mawili makubwa, yaani maziwa na joto la mama yake.